Mnyweshe maji tele: siku tisa na maandishi ya Meroe

Haya niliyaandika Januari 2020 kwenye daftari la mistari mipana, lile la watoto wa darasa la kwanza. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza huko Tanga, na kazi yangu ya miaka mingi ni ba, be, bi, bo, bu. Daftari lilikaa kabatini mpaka vita vilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, na baadaye zikatufikia habari kwamba Makumbusho ya Taifa ya Sudan, yale niliyoanzia safari yangu, yameporwa. Tangu hapo nimekuwa nikilitoa, nikilisoma na kulirudisha. Sasa naliweka wazi.

Jumamosi, 11 Januari. Khartoum

Nimefika alfajiri kwa ndege kutoka Addis Ababa. Baridi ya Januari hapa si ya kuchezea; nimejitanda khanga ya pili kabla sijatoka nje ya uwanja. Saa tatu nikaenda kutafuta chai. Mjini hapa chai huuzwa na akina mama chini ya miti, kila mmoja na jiko lake la mkaa, mikebe ya karafuu, mdalasini na tangawizi, na vigoda vya kamba vimemzunguka. Kabla sijaagiza, mama wa chai akanipa kikombe cha bati kilichojaa maji. Mgeni kwanza hunywa maji, ndivyo alivyoniambia.

Kiarabu changu ni cha chuoni. Nilifundishwa Msahafu na marehemu babu nikiwa na miaka sita, nikakhitimu huku maana ya maneno niliyokuwa nikiyatamka naijua kwa kuokota okota. Ukubwani nimeongeza, lakini bado nikifungua mdomo watu hapa hutabasamu, kwa sababu nazungumza kama kitabu.

"Dada, umekuja kikazi?"

"La, nimekuja kusoma mawe."

Akacheka, akanionyesha kwa mkono ukuta wa ng'ambo ya barabara. Kumechorwa mwanamke mwenye vazi jeupe la kujitanda, kidole kakielekeza juu. "Basi anza na yule. Yule ni kandaka."

Ndivyo walivyoitwa wanawake walioingia barabarani katika mapinduzi ya mwaka jana na juzi. Neno hilo si la Kiarabu. Wakristo wa kwetu wanalijua kutoka Matendo ya Mitume, sura ya 8, pale towashi mwenye mamlaka chini ya Kandake, malkia wa Kushi, anapobatizwa njiani. Lilikuwa cheo cha mwanamke mkuu katika ufalme huo wa Kushi, uliokuwa na makao yake Meroe, kama kilomita 200 kutoka hapa nilipokaa. Lugha yenyewe imekufa kwa zaidi ya miaka elfu, na neno lake moja limepakwa rangi ukutani mbele yangu. Nikamaliza chai nikaomba nyingine.

Jumapili, 12 Januari. Makumbusho

Makumbusho yapo ukingoni mwa Nili ya Buluu, karibu na inapokutana na Nili Nyeupe. Bustanini yamesimama mahekalu mazima, ya Buhen, Semna na Kumma, yaliyovunjwa jiwe kwa jiwe na kuletwa huku kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika mahali pake. Nimeyapita haraka. Nilichokifuata ni kitu kidogo kinachoenea kwenye sinia.

Wanakiita meza ya sadaka. Ni bamba la jiwe la mchanga, karibu mraba, na upande mmoja umetokeza mdomo kama wa birika. Katikati wamechongwa wawili wanaotazamana: Anubis mwenye kichwa cha mbweha, na mungu wa kike. Kila mmoja ameshika chombo anamimina maji, na kati yao ipo mikate ya mviringo. Ukingo wote umezungukwa na mstari wa maandishi. Ukimimina maji juu ya bamba hili yatafuata mfereji hadi mdomoni na kudondoka mchangani, alipo marehemu.

Nimesimama mbele yake hadi mlinzi akaniletea kiti.

Nitaeleza mwandiko huu kama ningekuwa namfundisha mtoto wa darasa la kwanza wa Meroe. Alama ni 23 tu. Ukiona alama ya b peke yake, soma ba. Ya m peke yake, soma ma. Ukitaka bi, andika b kisha alama ya i. Ukitaka bo, b kisha o. Irabu a huiandiki, imo tumboni mwa konsonanti, isipokuwa neno likianza nayo. Alama ya e ina kazi mbili: ama ni e, ama inakwambia konsonanti iliyotangulia haina irabu. Halafu zipo nne zilizo silabi kamili: ne, se, te na to. Baina ya neno na neno wanaweka nukta mbili au tatu zilizopangwa wima. Somo limekwisha. Mtoto mwepesi ataliweza kwa muhula mmoja.

Maumbo ya alama waliyachukua Misri, ila mfumo waliutunga wenyewe. Mwandishi wa Misri alilazimika kujua mamia ya alama, nyingine za sauti, nyingine za maana. Wakushi walizipepeta zote wakabakiza 23. Wakawa na sura mbili za kila alama: picha za hieroglifu kwa ajili ya wafalme na mahekalu, na mwandiko wa haraka wa kutoka kulia kwenda kushoto kwa mambo mengine yote. Sehemu kubwa ya maandishi yaliyopatikana, ambayo ni kama 2,000, ni ya mwandiko huu wa haraka. Na ndio uliozunguka meza hii.

Nikalifuata jiwe kwa kidole, juu ya kioo. Nilikuwa nimezikariri alama kwa miezi minane, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Sikuweza kusoma mstari wote, sehemu umelika. Lakini upande wa pili wa ukingo nikaziona zimesimama pamoja: a, to. Ato. Maji. Kisha mhe, yaani tele. Mbele kidogo: a, ta. Mkate. Kisha mhe tena. Kitenzi huja mwisho, kirefu, na wataalamu wanakubaliana kwamba ni dua: mnyweshe maji tele, mlishe mkate tele.

Maji na mkate vimetenganishwa na alama moja tu.

Usiku hotelini nikaandika neno kandake kama Wameroe walivyoliandika: ka, ta, ke. Iko wapi n? Hawakuiandika. N iliyo mbele ya konsonanti nyingine waliiacha, msomaji aijaze mwenyewe. Nikashtuka, maana jambo hili nalijua kwetu. Mama ana barua ya babu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, kwa desturi ya waandishi wa zamani wa pwani ambao mara nyingi m ya mba na n ya nda hawakuziandika. Babu kaandika asiuze "shaba la minazi". Mimi nilisoma shaba, nikajiuliza minazi ina shaba gani. Mama hakusita hata kidogo: shamba la minazi.

Mama aliijua lugha, ndiyo sababu tundu la maandishi halikumsumbua. Mwandishi wa Meroe naye alimwandikia mtu wa namna hiyo, na watu hao wameisha. Sisi tuliobaki tunasoma shaba.

Jumatatu, 13 Januari. Wad Ban Naqa na Naqa

Nimepata gari la kukodi pamoja na dereva wake, mzee wa Omdurman. Namwita Ami, naye ananiita ustadha. Petroli ilituchukua saa mbili za foleni. Njiani, kila baada ya mwendo, kuna kibanda chenye mitungi mikubwa ya udongo iliyojaa maji kwa ajili ya wapita njia. Ami hapiti mtungi bila kusimama.

Wad Ban Naqa iko kando ya mto, na leo kuna misingi ya majengo na vifusi. Nilitaka tu kusimama pale, kwa sababu hapa ndipo ulipopatikana ufunguo. Mwaka 1844 msafara wa Mjerumani Richard Lepsius ulikuta jiwe la kuwekea mashua takatifu, nao ukalipeleka Berlin. Jiwe hilo lina majina ya mfalme Natakamani na malkia Amanitore mara mbili: kwa hieroglifu za Misri, zilizokuwa zimekwisha kusomeka, na kwa hieroglifu za Meroe, ambazo hakuna aliyeziweza.

Francis Llewellyn Griffith wa Oxford alilitumia jiwe hilo kati ya 1909 na 1911. Majina yote mawili yana Amani ndani yake, ambaye ni mungu Amun kwa matamshi ya Kikushi: Natak-amani, Amani-tore. Basi alama za m, n na i lazima zijirudie katika majina yote mawili, na zilijirudia. Akipata jina, anapata alama. Akipata alama, anakwenda nazo kwenye jina jingine. Mpaka 1911 alikuwa ameujua mwandiko karibu wote.

Ningependa kusema kwamba hapo kazi ikaisha. Jiwe la Rosetta, kule Misri, lilikuwa na habari nzima kwa Kimisri na kwa Kigiriki. Jiwe la Wad Ban Naqa lina majina tu. Majina hukupa sauti, hayakupi maana. Griffith akawa kama mimi chuoni kwa babu: anasoma vizuri kabisa, herufi kwa herufi, na maneno yanampita.

Kutoka mtoni tukaingia nyikani upande wa mashariki, hadi Naqa. Hekalu la Simba limesimama kwenye uwanda. Kwenye mnara wa upande mmoja mfalme Natakamani anawapiga maadui, na upande wa pili malkia Amanitore anafanya vilevile, kwa kimo kilekile, mwili mpana wa mtu anayekula akashiba, kucha ndefu. Ubavuni mwa mnara, mungu Apedemak anachomoza katika ua la yungiyungi, mwili wa nyoka na kichwa cha simba. Kando ya miungu kuna safu za alama za Kimeroe zilizochongwa ndogondogo. Nikatafuta na kupata bundi, ambaye ni ma. Nikatamka kwa sauti. Ami akaniuliza nasema na nani.

Karibu na hekalu kuna kisima kirefu, na wafugaji huvuta maji kwa punda: punda anakwenda na kamba mbali, mbali, mpaka unadhani anahama, ndipo kiriba kinatokea mdomoni mwa kisima. Msichana mmoja alitujazia chupa zetu akakataa malipo. Nimekaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa hekaluni.

Tumelala Shendi.

Jumanne, 14 Januari. Bagrawiya

Piramidi za Meroe nimeziona kwa mbali jua likichomoza, zimepangana juu ya matuta kama meno, na vilele vingi vimekatwa. Mwaka 1834 Giuseppe Ferlini, tabibu wa Bologna, aliibomoa kuanzia juu piramidi ya malkia Amanishakheto akitafuta dhahabu, akaipata. Mapambo ya malkia leo yako Munich na Berlin. Kilichobaki kwake ni kifusi na kijumba cha ibada upande wa mashariki. Nimesimama hapo na hasira ambayo miaka karibu 190 haijaipoza, na sidhani inapaswa kuipoza.

Ndani ya vijumba hivi wafalme wamekaa kwenye viti vya enzi, na msururu wa watu unaleta vitu. Mwanga unaingia kwa ubavu asubuhi, kila mchongo unajitokeza.

Mchana simu ya Ami ikaanza kulia mfululizo. Khartoum kuna milio ya risasi, kikosi cha zamani cha usalama kimeasi, uwanja wa ndege umefungwa. Akawapigia watoto wake mmoja mmoja. Baada ya wa mwisho kujibu, akatandika mkeka kivulini akasali rakaa mbili, na siku hiyo hatukufanya jambo jingine.

Jumatano, 15 Januari. Mji wa kifalme na Hamadab

Khartoum imetulia. Tumetembea katika mji wenyewe wa Meroe, karibu na mto, ambao wenyeji wake waliuandika Medewi. Unajua umefika kwa kuona vichuguu vyeusi: mavi ya chuma, marundo kwa marundo, ya karne nyingi za kuyeyusha chuma. Nimeokota kipande nikakirudisha mahali pake.

Hapa Mwingereza John Garstang alichimba kuanzia 1909, na Desemba 1910 akafukua kichwa cha shaba nyeusi cha Kaisari Augusto. Kilikuwa kimezikwa chini ya kizingiti cha hekalu dogo ili kila aingiaye amkanyage. Wakushi walikuwa wamevamia ngome za Warumi kule Aswan na kurudi nacho nyumbani. Strabo, Mgiriki aliyeandika habari za vita hivyo, anamtaja Kandake aliyekuwa na jicho moja.

Kilomita chache kusini ni Hamadab, na 1914 Garstang alikuta huko jiwe kubwa lenye mistari mingi ya mwandiko wa haraka. Liko London sasa. Griffith alisoma juu yake jina la malkia Amanirenas na la mwanamfalme Akinidad, watu wa zama za vita vile. Labda ni habari ya vita kama walivyoiona wao. Kila silabi ya jiwe lile inatamkika. Masikini, Strabo tunamwelewa kila neno, na Amanirenas tunamsikia bila kumwelewa.

Hapa pana kishawishi na nimekipata mwenyewe, kwa hiyo nakiandika. Amani-renas, Amani-tore: Mswahili gani hatasikia amani? Ato ni maji, na sisi tuna mto. Nimelala nayo usiku mmoja mzima, kabla sijaja, nikidhani nimegundua kitu. Si kitu. Amani yetu tumeipata kwa Waarabu, na yao ni jina la mungu. Mto una m- ya ngeli, ukiiondoa kinabaki kipande ambacho hakifanani na ato kuliko kinavyofanana na maneno ya lugha nyingine elfu. Mfanano wa neno mojamoja ndio uliowapoteza wengi waliojaribu kuifungua lugha hii, kila mmoja akaileta kwa ukoo wake. Undugu wa lugha hutafutwa kwa sauti zinazobadilika kwa utaratibu uleule katika maneno mengi.

Alhamisi, 16 Januari. Njiani

Atbara, kisha kukata jangwa la Bayuda hadi Karima. Mchanga barabarani, ngamia, pancha moja. Tumepita Merowe, mji wa bwawa la umeme, ambao si Meroe ingawa ramani nyingine huwachanganya watu.

Ijumaa, 17 Januari. Jebel Barkal

Mlima wa jiwe jekundu, juu bapa, na ubavuni nguzo iliyojitenga ambayo watu wa kale waliiona kama nyoka aliyeinuka. Chini yake ni magofu ya hekalu la Amun. Mwaka 1916 Mmarekani George Reisner alitoa humo jiwe la mfalme Taneyidamani lililoandikwa pande zote nne, mojawapo ya maandishi marefu kabisa ya Kimeroe. Lipo Boston. Nimeanza kuchoka kuandika majina ya miji ya Ulaya na Marekani katika daftari hili.

Baada ya sala ya Ijumaa tukaendelea hadi Dongola.

Jumamosi, 18 Januari. Dongola hadi Abri

Wenyeji wa Dongola wana lugha yao, Kidongolawi, na kaskazini yake ni Kinobiin. Zote ni lugha za Nubia. Msizichanganye na Kinubi cha Kibera na Bombo, ambacho kilizaliwa katika Kiarabu cha askari.

Asubuhi, nyumbani kwa binamu wa Ami, mbwa amelala mlangoni. Nikauliza kwa lugha yao anaitwaje. "Wel," akasema mtoto. Nilikuwa nikilingojea neno hilo tangu Tanga. Kwa Kimeroe mbwa ni wle.

Hili moja lisingenitosha, baada ya niliyoyaandika jana juzi kuhusu mto. Lakini Mfaransa Claude Rilly alifanya kazi ya subira: aliwaweka pamoja Wanubi, Wanara wa Eritrea, Watama wa mpaka wa Darfur na Chad, na Wanyima wa milima ya Nuba, akajenga upya maneno ya bibi yao mmoja, na ndipo akaleta maneno ya Kimeroe yaliyokuwa na maana ya hakika, kama mia moja hivi, akayapima. Yalikaa. Kundi hilo ni tawi la kaskazini la Kisudani Mashariki, ukoo ambao wengi huwahesabu ndani yake pia Waniloti: Wajaluo, Wamaasai, Wadinka. Kwa hiyo undugu wa mbali wa Kimeroe upo hata Kisumu na Arusha, ila hauko mahali ambapo Mswahili angeutafuta.

Maandishi ya mwisho makubwa ya Kimeroe ni ya karne ya 5, ya mfalme Kharamadoye, kwenye hekalu la Kalabsha huko Misri. Baadaye Wanubi waliokuwa Wakristo wakaanza kuandika lugha yao kwa herufi za Kigiriki na Kikopti, zikawapungukia. Hawakuwa na w, hawakuwa na ny. Wakarudi kwa mwandiko wa Meroe wakachukua wa, wakachukua ne. Nimefundisha nya, nye, nyi maisha yangu yote, na najua mtoto anavyohangaika akikosa herufi ya sauti aliyonayo mdomoni. Kuna mtu mahali fulani kando ya mto huu aliyekumbuka kwamba wazee walikuwa nayo.

Tumefika Abri usiku.

Jumapili, 19 Januari. Sedeinga

Tumevuka Nili kwa mashua hadi ukingo wa magharibi. Hekalu la malkia Tiye wa Misri limeanguka lote, imebaki nguzo moja. Nyuma yake, magharibi, ni makaburi ya Wameroe: piramidi ndogo za matofali ya udongo, zimeliwa na upepo hadi kuwa viduara, zimebanana kiasi kwamba mwenye nguo pana hupita kwa shida. Hawa hawakuwa wafalme. Wachimbaji wa Kifaransa walizikuta angalau 35 kati ya 2009 na 2012.

Katika moja walipata meza ya sadaka ya mwanamke aitwaye Aba-la, jina ambalo Rilly anadhani huenda lilikuwa la nyumbani, kama Bibi. Jiwe linawaita miungu Isis na Osiris, linamtaja yeye, kisha linaomba anyweshwe maji tele na alishwe mkate tele. Katika maandishi ya makaburi ya Kimeroe mara nyingi hufuata mama wa marehemu, aliyemzaa, ndipo baba. Mama kwanza.

Mlinzi wa mahali hapo alinionyesha pa kusimama. Nilikuwa nimekusudia kulitamka lile neno hapa, mahali lilipoandikwa lisemwe. Watu wale walichonga dua jiweni kwa kutegemea kwamba atapita mtu mwenye kujua kusoma. Nikasema, si kwa sauti kubwa: ato mhe. Ata mhe. Nikamwaga nusu ya chupa yangu mchangani. Maji yaliingia mara moja.

Jioni, upande wa pili wa mto, mwenyeji wetu alikwenda makaburini kwa mamake, akanichukua. Makaburi ya kijiji ni ya Kiislamu, marefu, yamefunikwa changarawe nyeupe, na kichwani pa kila moja kuna bakuli la udongo. Nikamuuliza ni la nini. Akanitazama kama nimeuliza mlango ni wa nini, akainua dumu lake akalijaza bakuli la mamake mpaka ukingoni. Tukasoma Fatiha.

"Sisi maji tunaita aman," akasema tulipomaliza. "Wale wa kule mchangani waliyaitaje?"

Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, ato, ato, polepole, kama anapima kama limemkaa mdomoni. Kisha akainama akajaza na bakuli la kaburi la jirani, ambalo lilikuwa limekauka.